Mbona mwaka huu swala hawaonekani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupanda na kushuka kwa idadi ya swala katika maeneo ya uwindaji, Iringa na Mbeya

Julai ikikaribia na leseni za uwindaji zikianza kutajwa, maswali huwa yaleyale, iwe Tungamalenga, Pawaga, Rujewa au Chunya. Tumeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Tukisema swala tunamaanisha ukoo mzima: swala pala, tandala mkubwa na mdogo, palahala, korongo, pofu, kongoni, kuro, tohe, pongo na digidigi. Maeneo tunayoyazungumzia ni yale ambako uwindaji unaruhusiwa kwa utaratibu, yaani vitalu, mapori ya akiba kama Rungwa na Lukwati-Piti, na ardhi ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama MBOMIPA inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Mwaka jana swala pala walijaa kwetu. Mwaka huu mtu anazunguka asubuhi nzima haoni kundi. Wamekwisha?

Mara nyingi hawajaisha. Kabla ya kuuliza wamekufa wangapi, uliza mvua ilinyesha vipi.

Ukanda wa Ruaha una msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, pengine Mei mwanzoni. Upande wa chini, kuelekea Pawaga na Idodi, hupata kama milimita 500 kwa mwaka. Ukielekea magharibi kwenye miombo zinafika hata 800. Mvua ikinyesha vizuri, madimbwi ya porini hukaa na maji hadi Julai au Agosti, majani yapo kila mahali, na swala hana sababu ya kushuka mtoni. Ametawanyika. Anayewinda au kufanya doria kandokando ya mto atarudi akisema wanyama wamekwisha, kumbe wapo ndani kilomita kadhaa, wameshiba na hawana shida.

Mwaka wa ukame mambo hugeuka. Madimbwi yanakauka Juni, kila kundi linasogea kwenye maji machache yaliyobaki, na mtu yuleyule akisimama ukingoni anaona mamia. Anasema mwaka huu wameongezeka. Wale anaowaona ni wanyama walio njaani, mbavu zinahesabika, na wengine hawatafika Desemba. Hili ndilo tunaloomba kila mwindaji na kila askari wa jumuiya alielewe kuliko jingine lolote katika ukurasa huu: kwa macho ya mtu aliyesimama mtoni, mwaka mbaya huonekana mzuri na mwaka mzuri huonekana mbaya. Mgao wa uwindaji, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kupigwa, ukiombwa kwa kufuata macho hayo, tutaongeza bunduki mwaka ambao wanyama wamechoka.

Kuna mnyama ambaye akipungua mahali nijue kweli amepungua?

Yupo. Digidigi huishi wawiliwawili katika eneo lao dogo na hawaliachi, iwe mvua, iwe kiangazi. Pongo naye hashindi mbali na kichaka chake. Mbuzi mawe, naye wa ukoo huu wa swala, hukaa kwenye miamba yake mwaka mzima. Hawa wakitoweka mahali walipokuwapo, usitafute mvua. Tafuta nyaya za mitego, mbwa wa kuwindia na njia za miguu.

Swala pala yuko katikati. Hasafiri mbali kama nyati au pofu, lakini kundi linaweza kusogea kilomita kadhaa kufuata majani mabichi na maji. Pofu ndiye msumbufu kwa wahesabuji, kwa maana leo yuko kitalu hiki na mwezi ujao yuko kwingine kabisa. Kuona pofu wengi mwaka mmoja na kutoona hata mmoja mwaka unaofuata hakukuambii kitu kuhusu idadi yake.

Basi mvua ya mwaka huu ndiyo inayoamua idadi ya mwaka huu?

Hapana, inachelewa. Jike wa swala pala hubeba mimba kwa takriban miezi sita na nusu. Huku kwetu wengi hupandwa mvua zinapokwisha na huzaa mvua mpya zinapoanza, Novemba na Desemba. Kwa hiyo mvua mbovu ya Januari hadi Aprili inamkuta jike akijiandaa kushika mimba akiwa mwembamba, na matokeo yake utayaona mwisho wa mwaka, ndama wakiwa haba. Uhaba wa madume wa mwaka huo utauona miaka kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshausahau ukame wenyewe.

Kwa tandala mkubwa safari ni ndefu zaidi. Dume huanza kuonyesha mzunguko wa kwanza kamili wa pembe akiwa na miaka miwili hivi. Ile mizunguko miwili na nusu ambayo wageni wa uwindaji wa kitalii wanaifuata hukamilika akikaribia miaka sita. Maana yake ni kwamba dume wa nyara, mwenye pembe hizo, unayemwona leo alizaliwa na mvua za miaka sita iliyopita au zaidi, na akaponea viangazi vyote vya katikati. Ukikosa madume wakubwa mwaka huu, sababu inaweza kuwa mwaka ambao hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwingine. Ndiyo maana daftari la hesabu za wanyama la miaka mitatu halitoshi kwa tandala, ingawa kwa swala pala linaanza kusema kitu.

Mwaka mmoja wa ukame unaweza kupunguza kundi kiasi gani?

Tuchukue hesabu ya mfano, siyo takwimu ya kitalu chochote. Una majike 100 wa swala pala. Katika mwaka wa kawaida tuseme wanazaa 85, na nusu ya ndama hao hawafikishi mwaka. Fisi, mbweha, chui, tai, baridi ya mvua, kila mmoja ana fungu lake. Wanabaki ndama 42, nusu yao majike, yaani 21. Majike wakubwa wakifa 18 mwaka huohuo, umebaki na 103. Kundi limesimama palepale.

Ukame ukija, ndama wanaobaki ni 20, majike kati yao 10. Majike wakubwa wanaokufa wanafika 30. Umebaki na 80. Hakuna aliyepiga risasi hata moja na kundi limepungua kwa moja ya tano. Mvua zikirudi vizuri, kundi linaweza kukua kwa asilimia 15 kwa mwaka bila taabu, na ndani ya miaka miwili umerudi ulipokuwa. Kupanda na kushuka namna hii ni maisha ya kawaida ya porini, na hakumtishi anayeelewa.

Sasa ongeza nyaya kwenye hesabu hiyohiyo. Zikiondoa majike 15 kila mwaka, mwaka mzuri na mwaka mbaya, ile asilimia 15 ya kupona imeliwa yote. Kundi halirudi. Ukame unaofuata unalikuta kwenye 80, linashuka hadi 60 na kitu, na ukame wa tatu unalikuta huko. Kwa mtazamo wetu, hivi ndivyo vitalu vinavyokufa. Vinakwisha kidogokidogo, kwa kukosa nafasi ya kupumua katikati ya shida mbili.

Kwa nini mnasisitiza majike? Wageni wanapiga madume.

Kwa sababu idadi ya mwaka ujao inazaliwa na majike. Dume mmoja wa swala pala anayeshika eneo lake hupanda majike wengi. Ukiondoa madume wachache kwa uangalifu, ndama hawapungui, ndiyo maana uwindaji wa kitalii unaofuata mgao mdogo unaweza kuendelea miaka mingi bila kushusha kundi. Kwa swala na jamii zake, mgao salama wa madume wa nyara ni asilimia chache tu ya kundi zima.

Lakini kuna mpaka. Ukiondoa madume wote wakubwa, madume vijana wanapigana hovyo, majike wanapandwa kwa kuchelewa, na ndama wanazaliwa wametapakaa kwa miezi badala ya kuja pamoja mvua zinapoanza. Ndama anayezaliwa Februari anaingia kiangazi akiwa mdogo mno. Kwa palahala na korongo, ambao ni wachache tangu asili na makundi yao yako mbalimbali, kuondoa dume mmoja mzuri kunaweza kuliacha kundi zima bila dume msimu huo. Wanyama hawa wawili tungependa mgao wao uangaliwe kwa jicho kali kuliko wote.

Serikali huhesabuje wanyama, na kwa nini takwimu hupanda na kushuka kiasi kile?

Hesabu kubwa hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, kwa ndege ndogo. Ndege hupita kwa mistari iliyonyooka, chini chini, kama mita 100 juu ya ardhi. Waangalizi wawili hukaa nyuma, kila mmoja akihesabu wanyama wanaoonekana ndani ya ukanda mwembamba wa upande wake. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo katikati ya mstari na mstari haiangaliwi kabisa. Kile kilichoonekana kwenye kanda ndicho kinachokuzwa kwa hesabu ili kupata makadirio ya eneo zima.

Kwa hiyo takwimu ya angani huja na kiwango chake cha mashaka, na kwa swala wa makundi kiwango cha asilimia 20 au 30 si ajabu. Kundi kubwa likiangukia ndani ya ukanda mwaka mmoja na nje yake mwaka mwingine, karatasi itaonyesha kupanda au kushuka ambako porini hakukutokea. Digidigi, pongo na tohe ndege haiwaoni vizuri. Tandala aliyesimama kivulini chini ya mti naye hupitwa. Usisome idadi ya digidigi kwenye ripoti ya ndege ukaiamini.

Mfano tulionao hapahapa nyumbani ni wa tembo. Hesabu ya mfumo wa ikolojia wa Ruaha na Rungwa mwaka 2013 ilikadiria tembo wapatao 20,000. Mwaka 2014 ikatoka zaidi kidogo ya 8,000. Watu walishtuka, hesabu ikarudiwa mwaka 2015, ikatoa zaidi ya 15,000. Tembo hubeba mimba miezi 22 na huzaa kila baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo hawezi kukaribia kujizidisha mara mbili kwa mwaka mmoja. Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli na uliumiza. Hata hivyo, tofauti kati ya 2014 na 2015 haiwezi kuelezwa kwa vifo na uzazi peke yake. Sehemu yake ni mwendo wa wanyama, na sehemu ni bahati ya mistari ya ndege. Ikiwa tembo, mnyama mkubwa kuliko wote, anaweza kuwayumbisha wataalamu hivyo, fikiria swala pala mwenye rangi ya majani makavu.

Sisi jumuiya hatuna ndege. Tufanye nini?

Mnayo miguu, na kwa baadhi ya mambo miguu ni bora kuliko ndege.

Chagueni njia chache za kudumu, tuseme kilomita nne au tano kila moja, zisizofuata barabara wala mto peke yake. Nyingine zipite miombo, nyingine migunga, nyingine mbali na maji. Zitembeeni alfajiri jua linapochomoza, watu wawili au watatu, kimya, miezi ileile kila mwaka. Kila mnapoona kundi, andikeni aina, idadi, madume, majike, ndama, na umbali kutoka kwenu. Mkitembea kilomita tano msione kitu, andikeni sifuri. Sifuri ni taarifa, na daftari lisilo na sifuri hata moja halituaminishi.

Msijisumbue kutafuta idadi kamili ya wanyama wa kitalu kizima. Kinachohitajika ni kipimo kimoja kinachorudiwa bila kubadilishwa: makundi mangapi kwa kila kilomita kumi, ndama wangapi kwa kila majike mia. Njia ikihamishwa kwa sababu ya tope au kwa sababu gari halifiki, mmeanza daftari jipya hata kama jalada ni lile la zamani.

Wawindaji nao wana mchango ambao haujatumika vya kutosha. Mwindaji bingwa anayeongoza wageni, au mwenyeji mwenye leseni, akiandika ametumia siku ngapi kumpata mnyama, na si tu kwamba amempata, tunapata kipimo kizuri sana. Palahala aliyekuwa akipatikana kwa siku tatu, leo anatafutwa siku kumi na mbili, amepungua au amekuwa mjanja. Yote mawili yanatuhusu.

Ndama wa mwaka huu nitamtambuaje kwenye kundi la swala pala?

Tulia kwanza mpaka kundi liache kukuangalia. Machi, ndama aliyezaliwa Desemba kichwa chake hakijafika mgongo wa mama yake, shingo ni nyembamba, na huwa wanajikusanya watoto kwa watoto upande mmoja wa kundi kama wako chekechea. Dume mdogo ana vishikizo viwili juu ya kichwa, vimefunikwa manyoya au vimeanza kuchomoza tu. Wa mwaka uliopita ana pembe zilizonyooka kama vijiti, bado hazijapinda. Akifika miaka miwili pembe zinaanza kujikunja kwenda nyuma na nje. Majike hawana pembe, kwa hiyo ukubwa wa mwili na umbo la uso ndivyo vitakavyokusaidia. Jike wa mwaka mmoja uso wake bado ni mfupi.

Hesabu ndama mara mbili: Januari wanapokuwa wamezaliwa, kisha Septemba au Oktoba, kiangazi kikali. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili inakwambia nani aliyewapunguza. Wakiwa wachache tangu Januari, mama zao walikuwa na hali mbaya. Wakiwa wengi Januari na wachache Septemba, tafuta njaa, wanyama wakali au nyaya.

Uwindaji wa leseni na ujangili, kipi kinamaliza swala?

Kwa uzito wa nyama inayotoka porini katika maeneo mengi, ni nyaya. Tunasema bila kumlinda mtu. Leseni ina aina ya mnyama, idadi na mara nyingi jinsia. Uzi wa waya hauna.

Waya wenyewe mwingi ni wa kawaida kabisa: nyaya za breki za baiskeli, za ndani ya matairi yaliyochomwa, vipande vya senyenge. Hutegwa kwenye njia ya kwenda maji, kitanzi kikiwa usawa wa kichwa cha swala, pembeni matawi yamekatwa na kupangwa ili mnyama asiwe na pa kupita isipokuwa hapo. Ukipita doria utaona kwanza majani ya yale matawi yaliyonyauka mahali ambapo kila kitu kingine ni kibichi. Ukimaliza kufungua mmoja, usiondoke. Fuata mstari, ipo mingine. Na anayeingia wa kwanza mara nyingi ni jike mwenye mimba, kwa sababu majike ndio wanaoongoza kundi kwenda kunywa. Asiporudi mwenye mtego, anaozea hapo na ndama tumboni. Nyama hailiwi na mtu, ngozi haifai. Sijui hasara gani nyingine ya porini inayouma kama hii.

Mabucha ya nyamapori hayaongezi tatizo?

Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu nyamapori kuuzwa kihalali buchani, ikiwa na chanzo kinachojulikana. Nyama ya leseni ikipatikana kwa bei ya mwananchi inaweza kumpunguzia soko anayetega. Ikikosa ufuatiliaji, nyama ya waya inapitia mlango uleule. Jibu liko kwenye karatasi za bucha, na wanaozikagua.

Nasikia Marekani wanawinda hata majike wa paa wao na bado wanajaa. Sisi tunakatazana nini?

Paa wa Marekani mwenye mkia mweupe ni mnyama mwingine kwa tabia. Jike aliyeshiba huzaa pacha, mara nyingine watatu, na anaweza kushika mimba akiwa hajafikisha mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amebaki nusu milioni hivi au pungufu. Leo anakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Sehemu nyingi mbwa mwitu na wanyama wengine wakali waliomla wameondolewa, mashamba ya mahindi na soya yanamlisha, na kero yao ni wingi: ajali za barabarani na misitu isiyoota upya. Majimbo yao hutoa vibali vya majike makusudi ili kupunguza.

Huko nako idadi hupanda na kushuka. Majira ya baridi kali yenye theluji nzito huua wadogo, na kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi mwishoni mwa kiangazi, unaoweza kuangusha sehemu kubwa ya kundi katika kaunti moja na kuiacha jirani salama. Wenye ardhi wao hujifunza uleule utaratibu: hesabu ndama kila mwaka, pima hali ya mwili, andika umri wa kila aliyepigwa. Hilo la kuandika tuige. La kupiga majike, hapana. Swala pala huzaa mmoja, palahala mmoja, tandala mmoja, na wote wanaishi na simba.

Simba na mbwa mwitu wapunguzwe ili swala waongezeke?

Hapana. Ruaha ni moja ya maeneo yenye simba wengi barani Afrika, na swala wameishi nao tangu zamani. Mnyama mkali huzidisha pigo la ukame, kwa sababu anawakuta dhaifu wamesongamana, lakini mvua zikirudi windo linakua upya. Kundi la mbwa mwitu likiingia kitaluni, swala pala hutawanyika na kuwa waoga kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo sababu ya wawindaji wengi kusema mbwa wamemaliza swala. Subiri wapite, kisha hesabu.

Mto Ruaha Mkuu kukauka kunahusianaje na swala?

Sana. Tangu mwaka 1993 mto huu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika kiangazi, kwa sababu maji mengi huchepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji, hasa mpunga wa Usangu, kabla hayajafika bondeni. Mahali palipokuwa na kilomita nyingi za kunywea pamebaki madimbwi. Kuro, ambaye haishi mbali na maji, ameathirika moja kwa moja. Swala pala wanalazimika kushindana kwenye majani ya karibu na madimbwi hayo, na njia zao zimekuwa chache, jambo ambalo mwenye waya analijua vizuri. Tandala anajitahidi kwa kula majani ya miti. Miti ya mipogolo inapodondosha maganda yake kiangazi, utakuta swala, tandala na tembo chini yake, na kwa wengi hicho ndicho chakula kinachowavusha.

Kwa hiyo mkulima wa Mbarali, huko Usangu, anayefunga mlango wa mfereji wake usiku asipouhitaji, anawasaidia swala wa Pawaga hata kama hajawahi kuwaona.

Moto je?

Moto wa mapema, Mei na Juni, majani yakiwa na unyevu bado, huacha vipara vyenye machipukizi na kuvuta swala. Moto wa Septemba na Oktoba huteketeza lishe ya mwisho na maficho. Palahala na korongo huwaficha ndama wao kwenye majani marefu kwa siku za mwanzo, na ndama aliyefichwa hakimbii. Kumbuka pia kwamba uliyechoma mapema utaona wanyama wengi mahali hapo wiki chache baadaye. Wamevutwa na machipukizi, hawajazaliwa.

Magonjwa yanaweza kuangusha idadi ghafla?

Yanaweza. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na tandala kwa wingi usiosemeka, na mlipuko wa katikati ya miaka ya 1990 huko Tsavo, Kenya, uliua nyati na tandala wadogo. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado upo, ulithibitishwa nchini mwaka 2008, na huko Mongolia mwaka 2016 na 2017 uliua maelfu ya swala wa nyika wanaoitwa saiga. Chanjo ya mbuzi wa Idodi ni ulinzi wa swala pia.

Ukikuta mzoga uliovimba haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, hicho kinaweza kuwa kimeta. Usiuguse, usiuchune, usichukue nyama hata kipande. Weka alama ya mahali, zuia watu na mbwa, na mtaarifu afisa mifugo au afisa wanyamapori siku hiyohiyo.

Idadi imeshuka lakini mgao haukupunguzwa. Kwa nini?

Kwa sababu mgao ni pesa pia. Kwa miaka mingi kampuni ya uwindaji wa kitalii ilitakiwa kulipia angalau asilimia 40 ya thamani ya wanyama waliomo kwenye mgao wa kitalu, wapigwe wasipigwe. Mgao mkubwa ulimaanisha mapato yenye uhakika kwa serikali, na kwa kampuni ulimaanisha shinikizo la kupiga. Jumuiya nayo ina zahanati na madarasa yanayosubiri fungu lake. Hakuna mbaya katika hadithi hii, ila namba iliyokusudiwa kulinda wanyama inageuka kuwa namba ya bajeti, na ikishakuwa ya bajeti hakuna anayetaka kuishusha.

Dawa tunayoijua ni jumuiya kwenda kwenye kikao na daftari lake. Mjumbe anayesema "wanyama wamepungua" hujibiwa kwamba wamehama. Mjumbe anayeonyesha ndama kwa kila majike mia kwa miaka mitano, kwenye njia zilezile, ni vigumu kumjibu hivyo.

Wazee wanasema zamani swala walikuwa wanafika hadi shambani. Kumbukumbu zao zina kazi?

Zina kazi kubwa wakiulizwa vizuri. Usimuulize mzee kama walikuwa wengi. Muulize alimwona palahala wa mwisho bonde gani, kiangazi au masika, kabla au baada ya mfereji fulani kuchimbwa, kabla au baada ya mvua kubwa za 1997 na 1998. Majibu ya namna hiyo yakiwekwa kwenye ramani ya kijiji yanaonyesha mahali ambapo mnyama aliacha kufika, na hakuna ndege itakayokupa habari hiyo.

Tumekubali kupunguza mgao wa palahala. Lini tuurudishe?

Msiurudishe kwa sababu ya mwaka mmoja mzuri. Subirini ndama wa misimu mitatu mfululizo wafikishe mwaka, muone majike wanaongezeka kwenye njia zenu za kutembea, na kila kundi mnalolijua liwe na dume mkubwa na mwingine kijana nyuma yake. Hapo ongezeni dume mmoja kwa kitalu, siyo mgao wote wa zamani, kisha hesabuni tena misimu miwili kabla ya kuomba wa pili. Mwaka wa ukame ukiangukia katikati, hesabu inaanza upya.